Chinon kwa Miguu na kwa Glasi: Mwongozo Kamili wa Mji na Mvinyo Wake Mwekundu

Mkulima wa Chinon akikumiminia mvinyo, jambo la kwanza atakalokueleza ni shamba lilipo. Huu umetoka kwenye changarawe kando ya mto. Huu umetoka mteremkoni, juu ya mwamba wa chokaa. Jina la zabibu huenda asilitaje kabisa, kwa sababu mvinyo mwekundu wa hapa karibu wote unatokana na zabibu moja, Cabernet Franc, na kinachotofautisha chupa na chupa ni ardhi na mkono wa mkulima.

Nilipokuwa naishi Tours nilikwenda Chinon kila nilipopata siku ya mapumziko. Safari tatu za mwanzo nilionja tu, nikarudi na chupa nisizozielewa. Safari ya nne mvua ilinifungia ngomeni saa nzima, nikiwa nimesimama ukutani nautazama mto, mashamba ya bondeni na mizabibu ya kilimani, na hapo ndipo glasi za safari zilizopita zilianza kunieleweka. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na miguu, glasi inafuata. Asiyekunywa pombe asiuache: mji wenyewe unatosha kuijaza siku, na hatua tatu za kwanza ni zake kama zilivyo za mnywaji.

Hatua ya 1: Panga safari

Chinon ni mji mdogo wa jimbo la kale la Touraine, magharibi ya katikati ya Ufaransa. Umekaa ukingoni mwa mto Vienne, mahali ambapo mto huo unakaribia kuungana na Loire kwenye kijiji cha Candes-Saint-Martin. Kutoka Paris unapanda treni ya kasi kituo cha Montparnasse hadi Tours au Saint-Pierre-des-Corps, safari ya kama saa moja na robo, kisha treni ndogo ya mkoa inayokufikisha Chinon kwa muda usiofika saa moja. Kutoka stesheni hadi katikati ya mji ni mwendo wa miguu, tambarare, ukifuata mto.

Ukiweza, fika Alhamisi asubuhi, siku ya soko. Hapo utapata jibini la mbuzi, mkate na matunda ya msimu, na utawaona wenyeji wakiwa kwao. Miezi ninayoipenda ni Mei na Juni, mizabibu inapochanua, halafu mwisho wa Oktoba. Mavuno kwa kawaida huanza Septemba na kuingia Oktoba. Katikati ya shughuli hiyo mkulima hana muda wa kukuonjesha, na ni haki yake. Lala walau usiku mmoja. Watalii wengi huondoka jioni, na mji unaobaki ni mwingine.

Kuhusu usafiri wa mashambani: sheria ya Ufaransa inamruhusu dereva gramu 0.5 tu za pombe kwa lita ya damu, na mwenye leseni changa gramu 0.2. Onjo nne tano zinaweza kukuvusha. Kodi baiskeli, tafuta teksi, au mmoja wenu akubali kutema kila anachoonja. Kutema hapa hakumwudhi mtu. Ndoo huwekwa mezani kwa ajili hiyo, na wakulima wenyewe hutema.

Hatua ya 2: Panda ngome kabla ya kuonja chochote

Juu ya mji kuna ngome ndefu iliyolala mgongoni mwa kilima, yenye sehemu tatu zinazotenganishwa na mahandaki makavu: Fort Saint-Georges, Château du Milieu na Fort du Coudray. Mfalme Henry II wa Uingereza, aliyetawala pia sehemu kubwa ya magharibi ya Ufaransa, aliifanya makao yake na akafia hapo Julai 1189. Mwaka 1205 ikaangukia mikononi mwa mfalme wa Ufaransa, Philippe Auguste. Mwaka 1308 wakuu wa Templeri, shirika la watawa wapiganaji, akiwamo Jacques de Molay, walifungwa hapa na kuhojiwa na makadinali wa Papa. Na mwanzoni mwa 1429 msichana wa mashambani aliyeitwa Jeanne d'Arc aliingia kumwona mrithi wa kiti cha enzi, Charles VII, akamwomba jeshi la kwenda kuikomboa Orléans.

Historia hiyo yote utaelezwa na watu wa ngome. Mimi nakutuma huko kwa sababu nyingine: ngome ndiyo ramani ya mvinyo. Simama kwenye ukuta wa kusini. Chini yako kuna mapaa ya mawe meusi, kisha mto, kisha uwanda wa ng'ambo. Tazama mashariki, upande mto unakotoka. Kando yake kuna ardhi iliyolala chini, imejaa changarawe na mchanga ulioachwa na mto kwa maelfu ya miaka. Nyuma ya ardhi hiyo, upande wa kaskazini, kilima kinainuka na uso wake unalikabili jua la kusini. Huo ndio mteremko. Ukizitia akilini sehemu hizo mbili umeshaifahamu nusu ya mvinyo wa Chinon.

Kisha zunguka upande wa nyuma wa ngome. Shamba la mizabibu lililopo pale linaitwa Clos de l'Echo, na jina lake limetokana na mwangwi wa kuta za ngome. Paaza sauti ukiwa mahali panapofaa, nayo inarudi. Nimewahi kupiga "Hodi!" pale, na ngome ikanijibu kwa neno lilelile.

Kabla hujashuka, gusa ukuta. Jiwe ni jeupe lenye umanjano kidogo, laini kiasi kwamba kucha inaacha alama. Wenyeji huliita tufo. Ni chokaa iliyojitengeneza chini ya bahari ya kale, kama yalivyo ya baharini mawe ya matumbawe yaliyojengea Mji Mkongwe na Lamu. Jiwe la ngome na la nyumba lilichimbwa humuhumu vilimani, na mashimo yaliyobaki yakawa mapango ya kuhifadhia mvinyo. Ndani yake joto halipandi wala kushuka sana, ni kama nyuzi 12 kiangazi na kipupwe. Mizabibu ya mteremkoni nayo inapenyeza mizizi kwenye jiwe hilohilo. Nyumba, ghala na shamba ni jiwe moja.

Hatua ya 3: Shuka mjini taratibu

Mji wa kale ni barabara moja ndefu inayobadilisha majina, Rue Voltaire ikiwa upande mmoja na Rue Haute-Saint-Maurice upande mwingine, imebanwa kati ya kilima na mto. Nyumba za mbao zilizojazwa matofali zinapakana na za tufo, na katikati yake ni njiapanda ya Grand Carroi. Hakuna haraka. Ukiingia dukani unatarajiwa kuanza wewe kusalimu: "Bonjour madame," "Bonjour monsieur," kabla ya swali lolote. Aliyezoea kuamkia watu kabla ya kusema shida yake hatapata tabu hapa. Nimeona wageni wakihudumiwa kwa ubaridi kwa sababu tu waliiruka salamu.

Chini ya ngome kuna pango linaloitwa Caves Painctes. Hapo chama cha wapenzi wa mvinyo kilichoanzishwa 1961, kinachobeba jina la Rabelais, hufanya sherehe zake za kuwaapisha wanachama wapya, wakiwa wamevaa majoho. François Rabelais, tabibu na mwandishi wa karne ya 16, alizaliwa La Devinière, nyumba ya mashambani karibu na kijiji cha Seuilly, kilomita chache kutoka hapa. Sanamu yake iko kando ya mto. Namtaja kwa sababu ana faida kwa mnywaji: ndiye aliyeandika kwamba mvinyo mzuri wa "Breton" hauoti jimbo la Bretagne, unaota nchi ya Véron. Hadi leo wazee wa Chinon huiita Cabernet Franc kwa jina hilo, Breton, na Véron ni ile pembe ya ardhi iliyo kati ya Vienne na Loire, magharibi ya mji. Ukimsikia mkulima akisema breton, anazungumzia zabibu.

(Katika Véron hiyohiyo, kijijini Avoine, kuna kituo cha umeme wa nyuklia kilichoanza kuzalisha mwaka 1963. Siku za baridi mvuke wake unaonekana juu ya mizabibu. Wageni hushtuka, wenyeji wamekizoea.)

Hatua ya 4: Zijue ardhi tatu

Eneo linaloruhusiwa kuandika jina Chinon kwenye chupa lilitambuliwa kisheria mwaka 1937. Leo lina zaidi ya hekta 2,000 za mizabibu pande zote mbili za Vienne. Mwekundu ndio mwingi kupita kiasi. Kuna mvinyo wa rangi ya waridi (rosé), na kuna mweupe kidogo wa zabibu ya Chenin, ambayo wengi wetu tunaijua kupitia chupa za Afrika Kusini.

Ardhi ya kwanza ni changarawe na mchanga wa mtoni. Maji hayakai, udongo unapata joto mapema, zabibu zinaiva mapema. Mvinyo wake ni mwepesi, una harufu ya forosadi na matunda mekundu madogo, ukakasi wake ni mdogo, na unapendeza ukiwa na mwaka mmoja hadi minne. Huu ndio mvinyo wa chakula cha mchana. Usiudharau kwa kuwa bei yake ni ndogo. Kwangu mimi ndio unaoionyesha Chinon ilivyo: mchangamfu, safi, usiolemea.

Ardhi ya pili ni miteremko ya chokaa na mfinyanzi, juu ya tufo. Mfinyanzi unashika maji, na mwamba wa chini unayanyonya na kuyarudisha polepole wakati wa ukame, hivyo mzabibu hauteseki sana. Mvinyo wake una rangi nzito, matunda meusi, harufu ya penseli iliyochongwa, na ukakasi unaoshika ufizi mvinyo ukiwa mchanga. Unahitaji miaka. Mitano ni mwanzo mzuri, kumi ni bora, na miaka mizuri huvuka ishirini. Ukizeeka unatoa harufu ya majani makavu, ngozi, uyoga na udongo baada ya mvua.

Ardhi ya tatu iko juu ya nyanda, ambako kuna mchanga na mfinyanzi wenye mawe ya gumegume. Mvinyo wake hukaa katikati ya hizo mbili, na sina mengi ya kuongeza.

Sasa vijiji. Cravant-les-Coteaux, mashariki ya mji kwenye ukingo wa kaskazini, ndicho chenye mizabibu mingi kuliko vyote. Kina changarawe bondeni na mteremko mgongoni, hivyo ukitaka kuzilinganisha ardhi mbili ndani ya saa moja, nenda huko. Panzoult kinafuata mashariki zaidi. Ng'ambo ya mto kuna Sazilly na Ligré. Magharibi, ndani ya Véron, kuna Beaumont, Savigny na Avoine.

Sazilly ndiko alikofanya kazi Charles Joguet, mchoraji aliyerudi kushika shamba la familia mwaka 1957. Enzi hizo mavuno yalikuwa yakichanganywa pamoja au kuuzwa kwa wachuuzi. Yeye alianza kutengeneza na kutia chupani mvinyo wa kila kipande cha shamba peke yake, kikiwa na jina lake. Clos de la Dioterie na Clos du Chêne Vert zilijulikana kwa namna hiyo. Na Savigny kuna habari ya Olga Raffault, aliyefiwa na mumewe mwaka 1947 mavuno yakiwa mlangoni. Alishika shamba mwenyewe, akisaidiwa na Mjerumani aliyekuwa mfungwa wa vita na akachagua kubaki. Mvinyo wa Les Picasses wa nyumba hiyo ni mfano unaotajwa kila watu wanapozungumzia Chinon inayozeeka vizuri. Kila ninapoifungua chupa yake namfikiria mama huyo aliyeanza na mavuno na msiba kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5: Itambue Cabernet Franc

Zabibu hii ni mzazi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, na baadaye ikajulikana kwamba Merlot nayo ni mtoto wake. Watoto wamepata umaarufu duniani kote, ilhali mzazi amebaki na heshima yake hapa kando ya Loire. Sheria ya Chinon inaruhusu kuchanganya Cabernet Sauvignon hadi asilimia 10, lakini wakulima wengi hawaitumii kabisa.

Ukiwa umezoea mvinyo mwekundu mtamu, kwa mfano ule wa Dodoma wenye sukari au wa altare, jiandae. Chinon ni mkavu, hauna sukari ya kuhisika. Uchachu wake uko wazi, kama wa ukwaju mwepesi, na ukakasi wake ni jamaa wa ule wa zambarau: ulimi unakauka kidogo, kisha mate yanarudi. Onjo la kwanza linaweza kukuvunja moyo. Chukua la pili pamoja na kipande cha jibini la mbuzi, ndipo uamue.

Harufu za kutafuta ni forosadi, rasiberi, ua la urujuani, penseli. Na moja inayozua mabishano: pilipili hoho mbichi. Inatokana na kemikali ziitwazo pirazini, ambazo zabibu inazipoteza kadiri inavyoiva. Zikiwa kidogo, zinaupa mvinyo ubichi mzuri, kama jani lililosuguliwa mkononi. Zikizidi, umepewa zabibu zilizovunwa mbichi au mashina yaliyobebeshwa matunda mengi mno. Zamani chupa za namna hiyo zilikuwa nyingi. Siku hizi joto limeongezeka na wakulima wanapunguza vichane, hivyo hoho inazidi kuwa adimu, na wapo wazee wanaoikumbuka kwa mapenzi.

Hatua ya 6: Onja kwa mkulima

Piga simu au andika siku mbili tatu kabla. Neno "sur rendez-vous" kwenye kibao maana yake usifike bila miadi. Usiende kati ya saa sita na saa nane mchana. Huo ni muda wa chakula, na Mfaransa wa mashambani hauvunji kwa ajili ya mgeni. Jumapili wengi hufunga. Siku ya miadi usijipulizie manukato makali wala udi, maana yatafunika harufu zote, zako na za wageni wenzako.

Ukifika, salimu, kisha sema: "Je voudrais goûter vos rouges, s'il vous plaît," yaani, ningependa kuonja mvinyo wenu mwekundu, tafadhali. Swali litakalomfungua moyo ni hili: "Graviers ou coteaux?" yaani, changarawe au mteremko? Nimeliuliza mara nyingi na kila mara uso wa mwenyeji ulibadilika, kwa sababu umemgusa pale anapojivunia.

Utaratibu wa kuonja ni kutoka chepesi kwenda kizito, na kutoka kichanga kwenda kikongwe. Kwa kila glasi fanya hivi. Inamishe juu ya karatasi nyeupe utazame ukingo wa rangi: zambarau inayong'aa ni ujana, wekundu wa tofali ni uzee. Nusa kabla hujaitikisa. Itikise kwa kuizungusha, nusa tena. Harufu zilizojificha zinatoka. Kunywa kidogo, usambaze mdomoni mpaka kwenye ufizi, kisha meza au tema. Sasa hesabu kimyakimya ladha inakaa muda gani baada ya mdomo kuwa mtupu. Ikitoweka upesi, ni mvinyo wa kunywa leo. Ikikaa na kubadilika, una kitu cha kuhifadhi.

Andika. Usitegemee kumbukumbu, hasa baada ya glasi ya tano. Maneno yako yawe ya kwako: nimeandika "kuni mbichi," "ndani ya kabati la bibi," "chungu kipya," na miaka kadhaa baadaye maneno hayo yananirudishia mvinyo ule kuliko orodha yoyote ya matunda ya Ulaya nisiyowahi kuyachuma.

Kuhusu pipa la mwaloni: wengine hutumia mapipa mapya, na mvinyo unapata harufu ya vanila na mkate uliochomwa. Mimi naona mwaloni mpya unaifunika Cabernet Franc kirahisi, kama iliki inavyoweza kumeza chai. Muulize mkulima mapipa yake yana umri gani. Wengi wa Chinon wanapendelea yaliyokwisha kutumika, au matangi ya saruji na chuma.

Kuonja mara nyingi ni bure au kwa ada ndogo. Kama umeonjeshwa chupa sita kwa saa nzima, nunua walau mbili. Hakuna anayekulazimisha, ila ndio ustaarabu.

Hatua ya 7: Soma lebo

Tafuta kwanza maneno "Appellation Chinon Contrôlée" au "Protégée." Yanathibitisha eneo. Kisha "Mis en bouteille au domaine" au "au château" au "à la propriété": mvinyo umetiwa chupani palepale ulipotengenezwa. Lisipokuwepo, huenda mchuuzi alinunua mvinyo na kuutia chupani kwake. Wapo wachuuzi wazuri, lakini hutajua ardhi ni ipi.

Neno "Château" halimaanishi kuna kasri. "Clos" asili yake ni shamba lililozungushiwa ukuta. "Vieilles vignes," mizabibu mizee, halina kipimo cha kisheria. Miaka 40 kwa mmoja ni ujana kwa mwingine, hivyo uliza. Majina yenye "graviers," "graves" au "varennes" mara nyingi yanaelekeza kwenye ardhi nyepesi ya mtoni, na yenye "coteau" yanaelekeza mteremkoni. Mara nyingi, nasema. Anayejua kwa hakika ni mwenye shamba. Kiwango cha pombe nacho kinasema kitu: asilimia 12.5 ni mvinyo wa mwaka wa baridi au wa ardhi nyepesi, 14 ni wa mwaka wa jua kali.

Hatua ya 8: Chagua mwaka

Huku kaskazini mwaka una uzito. Baridi ya usiku mmoja wa Aprili inaweza kuunguza machipukizi na kumwacha mkulima bila mavuno. Ilitokea 1991, ikatokea tena 2016 na 2021. Ukipita mashambani Aprili alfajiri ukaona mioto midogo imewashwa kati ya mistari ya mizabibu, wanapigana na baridi hiyo.

Kwa chupa za kuhifadhi, 2005, 2010, 2014 na 2018 ni miaka ya kutafuta. 2009, 2020 na 2022 ilikuwa na jua jingi, mvinyo umejaa na ni rahisi kupendwa. 2013 na 2021 ni miembamba, chukua ile ya changarawe na uinywe upesi. Ukibahatika kukutana na 1989, 1990 au 1996 kutoka kwenye pango lililotunzwa, na mfuko unaruhusu, usiiache.

Hatua ya 9: Nunua, beba, hifadhi

Shambani chupa nyepesi nzuri huanzia kama euro 8 hadi 12; za mteremkoni nyingi ni kati ya 15 na 30. Ukilinganisha na Bordeaux au Burgundy, ni bei ya kirafiki kwa mvinyo unaoweza kukaa miaka ishirini.

Ukiruka na ndege, chupa ziende kwenye mzigo mkubwa, zimefungwa kwa nguo kila moja peke yake na kuwekwa katikati ya sanduku. Anayerudi Tanzania, Kenya au nchi nyingine ya Jumuiya akumbuke: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mtu mzima lita 2 za mvinyo bila ushuru. Hizo ni chupa 2 za kawaida. Nyingine zitangaze.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana lilinigharimu. Chupa yangu ya kwanza ya mteremkoni niliipeleka Tanga, nikaiweka juu ya kabati kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, miezi minane mbele. Ilipofunguliwa ilinuka jamu iliyoungua, na kizibo kilikuwa kimesukumwa nje. Joto lilikuwa limeipika. Mahali pasipo na chumba cha baridi, usihifadhi Chinon ya kuzeeka. Nunua ya changarawe, iweke sehemu ya chini ya friji, inywe ndani ya miezi michache. Ukiwa na mahali penye nyuzi 12 hadi 15, giza, pasipotikisika, ilaze ubavu ili kizibo kisikauke.

Hatua ya 10: Ipe ubaridi na chakula chake

Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika "joto la chumba" ulizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambazo chumba chake ni nyuzi 17. Chumba cha Mombasa ni 30. Chinon ya changarawe inywe kwenye nyuzi 14, ya mteremkoni 16. Kwa chupa iliyokuwa mezani, dakika 45 za friji kwa ya kwanza na nusu saa kwa ya pili. Ya mteremkoni ikiwa changa, imimine kwenye jagi pana saa moja kabla. Ikiwa kongwe, isimamishe wima siku moja ili masimbi yatulie, na imimine polepole bila kuihangaisha.

Nyumbani kwake Chinon hunywewa pamoja na jibini la mbuzi la Sainte-Maure de Touraine, refu kama gogo dogo, lenye unyasi uliopita katikati. Hunywewa pia pamoja na vyakula vya nguruwe, na pamoja na fouée, vimkate vinavyofutuka ndani ya tanuri la kuni na kujazwa maharage meupe au jibini. Asiyekula nguruwe atashiba vizuri kwa fouée za maharage. Na jambo linalowashangaza wengi: wenyeji hunywa Chinon nyepesi iliyopozwa na samaki wa mtoni.

Kwetu, mbuzi wa kuchoma na kachumbari ndio mwenzi wake wa kwanza. Uchachu wa nyanya na wa mvinyo vinaelewana. Kuku wa kienyeji wa mchuzi mwepesi anafaa, maharage ya kukaanga yanafaa, pilau isiyo na pilipili nyingi inafaa na chupa iliyozeeka. Pilipili kali inauongeza ukakasi mpaka unakera. Kwa samaki wa kupaka na tui zito ningemwachia kazi Chinon mweupe.

Ukikosa safari, fanya jaribio hili nyumbani na rafiki wawili watatu. Nunueni chupa mbili za Chinon za mwaka uleule na za mkulima uleule ikiwezekana, moja ya changarawe, moja ya mteremkoni. Zipozeni sawa. Mtu mmoja amimine akiwa jikoni, wengine msijue ipi ni ipi. Onjeni bila chakula, kisha na chakula, na kila mmoja aandike ni ardhi gani kabla ya kuonyeshwa lebo. Baki ya ile ya mteremkoni irudishieni kizibo muiweke kwenye friji, kisha muionje tena kesho yake jioni. Mara nyingi siku ya pili ukakasi umelegea na urujuani umejitokeza.